Dakika ya Saba

Bajia alikuwa na mabawa matatu:
la juu, la kati, la chini.
Mwinshehe aliyachora usiku mmoja, umeme umekatika,
kwa tochi ya simu, chumba cha uani, Magomeni Mapipa,
na kwa miaka tisa kunguru yule akaruka
juu, kati, chini, kati, juu,
akavuka mabati ya Buguruni, akatua Ilala sokoni,
akaiba, akarudisha nusu.

Hakupata kupepesa jicho.
Jicho la kupepesa lilitaka michoro minne zaidi
na hela ya michoro minne ilikuwa kodi ya chumba.
Watoto wakatangaziana: Bajia halali.
Jirani yangu akasikia vibaya,
akauliza mwizi gani huyo, halali?
Wakatuletea barua, penseli za rangi, herufi zimelewa:
*lala kidogo, sisi tutakulindia.*

Sauti ilikuwa ya Semeni,
nesi wa zamu ya usiku, wodi ya wazazi.
Alifika saa mbili asubuhi, viatu mkononi.
Tulizima friji, tukaegemeza magodoro ukutani,
akalia: kwaa.
Ule mkwaruzo watu walidhani ni ufundi.
Ulikuwa usingizi.

Dakika saba tu,
kabla ya adhana, kabla ya "nenda kaoge".
*Nusu yako, nusu yangu*, basi, kwisha.
Niliandika hadithi nzima nyuma ya risiti za luku
na nafasi ikabaki.

Sasa wanataka dakika tisini.

Mikocheni, ghorofa ya nne, kiyoyozi kinapeperusha karatasi,
Bwana Kaijage ananiuliza, kalamu imeshafunuliwa:
Kwa nini Bajia anaiba?
Ana njaa.
Anaandika. Anasubiri.
Na chini ya njaa, kuna nini?
Chini ya njaa kuna tumbo, nikasema.
Wakacheka wote. Mimi sikuwa nimetania.

Basi tukampa mama, tukamuua mama.
Tukampa adui, paka mwenye miwani na kampuni ya ujenzi.
Tukampa manyoya elfu sita, kila moja na upepo wake,
na jicho, lo, jicho!
linapepesa, linalowa, ndani yake unaona
taa za mjini zikitetemeka.
Mwinshehe alilikodolea mpaka chai ikapoa.
Zuri, akasema.
La nani?

Sauti wakampa kijana wa muziki, jina lake linauza tiketi.
Semeni akaitwa amfundishe.
Usikwaruze koo, mwanangu, alimwambia.
Kesha.
Zalisha wanawake wanne,
mmoja asirudi nyumbani,
kisha panda ngazi uje uwachekeshe watoto.
Kijana akanyamaza. Kisha akalia kwaa, vizuri kiasi,
na fundi wa sauti akasafisha mkwaruzo.

Sitajifanya nililia.
Malipo yameezeka nyumba ya mama Chanika,
mabati ya kijani, hayavuji.
Nusu yako, nusu yangu.

Jumamosi wakaalikwa watoto wa shule moja ya Tandika,
waione kabla ya wakubwa.
Taa zikazimwa. Bajia akaja, mkubwa kama ghorofa,
bisi zikasimama njiani kwenda mdomoni.
Aliiba kitumbua. Alitua.
Nikatazama saa, mazoea.

Dakika ya saba ilipotimia
mstari mzima wa mbele ukasimama.
Wakakung'uta sketi, wakapapasa ndala gizani,
mmoja akamfunga mdogo wake kifungo cha shati.
Hawakuwa wamechukia. Walikuwa wameshiba.

Mwalimu akanong'ona: Kaeni, bado.

Wakakaa, polepole, wakishangaa
kama wageni walioaga wakaambiwa chakula kingine kinakuja.
Na kasichana kamoja, magoti juu ya kiti,
kakamgeukia mtu wa karibu, na huyo nilikuwa mimi:

Bado?
Kwani hajarudisha nusu?